Umenikumbuka Sana

Basi letu la Montreal lilikuwa likitambaa kwenye theluji. Mbele yangu Colin, mhudumu wa makao ya wazee kwa mujibu wa beji yake, alikuwa akimweleza mama asiyemjua kwamba leo anaacha kazi na kurudi Toronto, kwenye Kiingereza chake.

"Kifaransa chenu kimenishinda, mama. Nimetoka likizo, nikataka kumwambia Bi Rollande, mmoja wa wazee ninaowahudumia, 'Nimekukumbuka sana.' Maneno yenu yanakwenda kinyumenyume, nikajikuta nimemwambia, 'Umenikumbuka sana.' Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu!"

Kwa kulalamika, niseme ukweli, Kifaransa chake hakikuwa na kasoro.

"Na bibi mwenyewe?"

"Hakucheka. Alinishika mkono, akasema, 'Ndiyo. Sana.'"

Mama akafuta dirisha ambalo halikuwa na ukungu. "Sasa umekosea wapi, mwanangu?"

"Sarufi, mama!"

"Sarufi ndiyo iliyokushika mkono?"

Basi likasimama mbele ya makao. Colin akainuka na barua yake ya kuacha kazi, akageuka alipofika mlangoni. "Basi nifundishe. Nisemeje ndiyo iwe sahihi?"

"Sikufundishi ng'o! Nenda kamwambie vilevile."

Colin akashuka, mlango ukafungwa nyuma yake.