Hirizi Isiyo na Pini

Mheshimiwa Kapteni Lignos, mkuu wa chuo hiki cha mabaharia. Baba Stratis, padri wetu. Walimu, wazazi wenzangu wa kisiwa chetu cha Hios, nanyi vijana mnaohitimu leo: nawasalimu kwa heshima. Nyumbani nako wanawasalimu. Mume wangu Isidoros anawasalimu, amebaki na mbuzi anayezaa. Mama mkwe wangu Kalliroi anawasalimu, miguu haimpi nafasi. Na Pantelis, mdogo wake binti yangu Marouko anayehitimu leo, anawasalimu.

Nimeambiwa niseme kwa niaba ya wazazi. Shule niliiacha mapema, basi nitasema ya mama tu.

Mwaka jana Marouko alipokwenda safari ya mafunzo, nilimshonea filahto, hirizi yetu ya kubandikwa kwa pini, ndani yake ua la Ijumaa Kuu kutoka kanisani. Alipokwisha kuondoka nikaikuta kitandani kwake. "Mama, mimi ni fundi wa mitambo," akaniambia kwenye simu, "si mtoto mchanga wa kubandikwa pini kwenye fulana." Ningelalaje tena, wazazi wenzangu?

Kumbe melini kila mtu anayo yake. Rumen, mpishi Mbulgaria, anaiita muska. Mreno anasema amuleto, Mpolandi amulet, na kila mmoja kashonewa au kavishwa na mamaye. Siku moja mezani wakaonyeshana, wakamgeukia Marouko. Hana. Rumen akamwuliza polepole, "Dada, mama alifariki lini?"

Binti yangu akaona haya kusema ameiacha, akainamia sahani yake. Tangu hapo akawa anapakuliwa minofu kama yatima. Akanipigia: "Mama, huku wamekuzika, nami nakula matanga yako."

Ninyi mnacheka. Mimi nililia kwanza.

Kesho anapanda meli ileile, kwa miezi mingi. Kapteni wa meli hiyo anakataza pini na vitu vya kuning'inia karibu na mitambo, na ana haki, mashine haijui huyu ni mtoto wa nani. Kwa hiyo Marouko, usinikasirikie mbele za watu: nimeishona ndani ya bitana ya jaketi lako la kazi, upande wa kushoto. Pini hakuna. Ukitaka kuitoa, mkasi unao, nami sitauliza. Ila Rumen mwambie mama yuko hai, na bado anasumbua.

Kapteni, walimu, mmenilelea mtoto. Nyote mlionivumilia hapa, Mungu awalipe. Nawe mwanangu, ukifika bandari ya Roterdamu usingoje upate nafasi. Andika "nimefika" tu, basi, lakini inifikie upesi.