Kituo cha Cleophus

Asubuhi ile kwenye basi la mjini Baton Rouge, Marekani, mbele yangu aliketi mama mwenye kofia ya kanisani, simu ameishika kwa mikono miwili kama yai. Akamwambia mzee wa pembeni yake, ambaye hakuwa amemuuliza kitu, kwamba kampuni ya dhamana, ile inayowadhamini mahabusu kwa malipo, ilimtoa jela mdogo wake Cleophus siku ileile aliyokamatwa, ila sahihi aliweka yeye, na hati ya nyumba yake akaiweka rehani.

“Leo ana kesi. Asipofika mahakamani, nyumba imekwenda. Na wale wa kampuni wakimtafuta wananipigia mimi! Wamemtoa yeye jela, mimi wamenifanya askari jela.”

“Umejitakia, mama,” mzee akasema. “Ungemwacha alale ndani, akili imkae sawa.”

“Angefukuzwa kazi.”

“Na wewe je, ukifukuzwa nyumbani?”

Mimi nikajifanya nasoma tangazo la meno bandia.

“Kituo hiki ndicho chake,” mama akasema. “Nimemwambia apandie hapa.”

Basi likasimama. Mlango ukafunguka, hakupanda mtu. Simu ikaanza kuita mikononi mwa mama. “Ni wale wa kampuni,” akasema, wala hakuipokea.

Dereva alipotaka kufunga, mzee akainuka, akaweka mguu mlangoni.

“Subiri kidogo, dereva. Kijana wetu anakuja.”