Bi. Kaltun na Orodha ya Watu Arobaini

Bi. Kaltun Abdille anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Julai, baada ya miaka thelathini na mmoja akiwa tabibu katika kliniki ya masikio, pua na koo hapa Garissa. Niliombwa niandike mambo ya kufurahisha tu. Yapo: chai ya wauguzi yeye huiita maji yaliyoona majani kwa mbali. Lakini siwezi kuishia hapo.

Mwaka 2019 walikuja madaktari wageni kufanya upasuaji wa sainasi, matundu ya hewa kando ya pua na macho, kwa siku tano. Msimamizi wa wakati huo alimkabidhi Bi. Kaltun orodha ya watu arobaini. Yeye aliwapima mmoja mmoja. Umeumwa zaidi ya miezi mitatu? Umesafisha pua kwa maji ya chumvi na kutumia dawa ya kupuliza kama ulivyoelekezwa? Picha ya CT inaonyesha nini? Wakabaki kumi na mmoja, akiwemo Abdimalik, mwalimu wa Mandera mwenye vinyama puani, ambaye hakuwa amesikia harufu kwa miaka sita.

"Madam, wageni wametoka mbali. Tutawaambia nini?" msimamizi akauliza.

"Waambie wagonjwa ni kumi na mmoja."

Aliowatoa ni pamoja na Hodan, mfugaji wa Diff. Kichwa kilimuuma upande mmoja, akitapika na kuukimbia mwanga. Picha yake ilikuwa safi, kilikuwa kipandauso. "Abaayo, dada yangu, mbona unaninyima?" alilia. Bi. Kaltun alikaa naye hadi adhuhuri, akamwandikia dawa na miadi ya mwezi uliofuata.

Kabla ya miadi hiyo, Bi. Kaltun alihamishiwa Kutulo, "kwa manufaa ya utumishi." Kambi nyingine ya upasuaji ikaja, hakuna wa kuchuja wagonjwa, Hodan akapasuliwa. Jicho lake la kulia halioni tena. Kichwa kiliendelea kuuma. Hakuna aliyehamishwa kwa hilo.

Bi. Kaltun aliporudishwa Garissa baada ya miaka miwili, safari yake ya kwanza ilikuwa Diff, kumpelekea Hodan dawa ya kipandauso. Kisha aliandika masharti ya ukurasa mmoja, akakataa mgonjwa yeyote kuingia chumba cha upasuaji bila kuyatimiza. Tangu hapo tumepeleka wagonjwa sitini na wawili kupasuliwa. Wote wanaona.

Nafasi yake haijatangazwa mpaka leo. Nayasema hapa kwa sababu kwenye hafla ya kumuaga wakubwa watakaa viti vya mbele wakipiga makofi.

Bi. Kaltun, asante kwa kila mtu uliyemwambia hapana kwa faida yake. Allah akujalie afya na siku za utulivu. Hasira tuachie sisi.