Mihogo ya Ukingoni

BEDIAKO: Haloo? Nani mwenzangu? Sema kwa sauti, hapa ngoma zinapigwa.

SERWAA: Kaka, ni mimi, Serwaa.

BEDIAKO: Serwaa! Mbona namba ngeni?

SERWAA: Simu ya mlinzi wa maabara. Yangu imezima, hatuna umeme tangu juzi. Kaka, sikia—

BEDIAKO: Hata salamu hakuna? Ndiyo usomi huo?

SERWAA: Shikamoo, kaka. Sasa sikia—

BEDIAKO: Marahaba. Laiti ungeona. Wabunge kumi na mmoja, Kamati nzima ya Sayansi, wamekaa chini ya turubai letu hapa Kwaesom. Chifu kavaa shuka lake la kente, la mazishi ya kaka yake, lile zito. Mwenyekiti wa Kamati ni mama mmoja, Mheshimiwa Lamptey, ameniita "mtaalamu". Mbele ya watu wote. Mimi, bwana shamba wa baiskeli.

SERWAA: Wameshakula?

BEDIAKO: Wewe nawe na chakula. Bado. Mzee wa chifu anamwaga kinywaji kwa mizimu, anawaita wahenga mmoja mmoja, na unajua ukoo wetu ulivyo mrefu. Akimaliza, chifu anasema, halafu sahani zinapita. Ampesi, ndio muhogo wetu mpya wa kuchemsha, mchuzi wa majani ya magimbi, samaki wa chumvi—

SERWAA: Kaka, nina salio dogo. Nijibu tu. Mihogo mmeng'oa wapi?

BEDIAKO: Wapi tena? Shambani kwenye majaribio.

SERWAA: Upande gani wa shamba?

BEDIAKO: (mkwaruzo kwenye simu) ...nini? Rudia.

SERWAA: Upande gani?

BEDIAKO: Sikuwepo. Jana nilikwenda mjini kuchukua viti na turubai. Vijana ndio waliong'oa, jioni. Ilibidi iwe jana, leo Alhamisi, ardhi inapumzika, mtu hashiki jembe. Niliwaambia Wizara walete ugeni Ijumaa, wakasema Jumanne muswada wa utafiti unasomwa bungeni mara ya mwisho, hakuna siku nyingine. Kwani vipi?

SERWAA: Ukubwa wake ukoje?

BEDIAKO: Hapo sasa. Serwaa, muhogo mmoja kama paja langu. Dereva wa basi si alikuletea gunia jana usiku? Umeona mwenyewe. Ndiyo maana nakwambia muswada huu unapita. Wakila ule muhogo, nani atanyoosha mkono kusema utafiti ni anasa? Mfuko wa utafiti kila mwaka, kiwanda cha wanga hapa hapa wilayani, na wewe ule mkataba wako wa miezi mitatu mitatu—

SERWAA: Nimepima lile gunia.

BEDIAKO: Enhe. Mkuu wako, Dokta Asiamah, ameahidi kunitumia cheti cha vipimo, nikisome kwenye kipaza sauti. Mbona hakijafika?

SERWAA: Umeme ulirudi saa kumi na mbili asubuhi, nusu saa tu. Nikaponda kipande, nikaweka na ile karatasi ya manjano. Unaikumbuka? Nilikuonyesha. Muhogo mzuri, karatasi inabaki manjano.

BEDIAKO: Nakumbuka.

SERWAA: Imekuwa rangi ya udongo, kaka. Nikasema labda karatasi zimeharibika kwa joto. Nikapima tena. Nikapima mara ya tatu, na muhogo wa sokoni pembeni, wa mama muuza unga wa muhogo. Wa sokoni manjano. Wetu udongo, udongo mweusi.

BEDIAKO: Sasa karatasi ikiwa ya udongo...

SERWAA: Ni sumu. Huo si muhogo wetu mpya. Ni ule wa ukingoni.

BEDIAKO: Haiwezekani.

SERWAA: Ule mchungu tulioupanda kuzunguka shamba, mistari miwili, ndezi wasiingie. Tuliupanda pamoja, kaka, mimi na wewe. Na mvua haijanyesha tangu lini? Kiangazi kinazidisha. Hata ukichemshwa—

BEDIAKO: Vijana wanajua kwamba wa katikati ndio—

SERWAA: Usiku ulikuwa unaingia, umesema mwenyewe waling'oa jioni. Barabara iko wapi? Ukingoni. Minene iko wapi? Ukingoni, haibanwi na wenzake, inakula jua lote. Wewe ungekuwa kijana, umeambiwa leta mihogo mikubwa ya wabunge, ungeingia katikati?

BEDIAKO: Subiri, nasogea nyuma ya gari. (upepo kwenye simu) Umemwambia nani?

SERWAA: Dokta Asiamah.

BEDIAKO: Akasema?

SERWAA: Akasema nirudie vipimo kesho.

BEDIAKO: Kesho.

SERWAA: Na akaniomba funguo za maabara. Ndiyo maana niko kwenye kibanda cha mlinzi.

BEDIAKO: Basi. Basi, sikiliza. Nitakwenda jikoni kimyakimya. Nitasema muhogo umeungua. Tuna wali, tuna ndizi. Cheti nitasema kimechelewa. Hakuna atakayejua.

SERWAA: Na magunia yaliyobaki? Watu wa kijiji si wanasubiri kugawiwa?

BEDIAKO: Nitayafunika.

SERWAA: Utayafunika na nini? Ukiondoka watabeba. Lazima useme kwa mdomo, wasikie wote.

BEDIAKO: Serwaa, unajua unachoniomba? Kuna kamera mbili hapa. Nisimame mbele ya Kamati nzima niseme mihogo ya serikali ni sumu? Jumanne huo muswada utazikwa bila sanda. Miaka mitatu tumeusubiri. Kituo kitafungwa, wewe utarudi kuuza vocha, na mimi nitaitwa bwana sumu mpaka nife.

SERWAA: Mficha maradhi, kifo humuumbua.

BEDIAKO: Usinitajie kifo. Hakuna aliyekula bado. Nimeshakwambia.

SERWAA: Hakuna hata aliyeonja? Wapishi?

BEDIAKO: Wapishi waliugusa ulimini wakautema. Walikuwa wanacheka.

SERWAA: Wanacheka nini?

BEDIAKO: Wanasema msomi kalima dawa ya minyoo. Utani tu wa jikoni.

SERWAA: Kwa hiyo walisikia uchungu. Na wewe ukaambiwa.

BEDIAKO: Niliambiwa, ndiyo. Nikawajibu huu ni muhogo wa kisasa, ladha yake ndiyo hiyo, vitamini haziji tamu. Serwaa, ningejuaje? Na shambani siwezi kwenda kuangalia, leo Alhamisi, chifu angenitoza kondoo mbele ya wageni.

SERWAA: Mkuu wa jikoni ni nani?

BEDIAKO: Unajua ni nani.

SERWAA: Mama amekula?

BEDIAKO: (mkwaruzo) ...sahani moja.

SERWAA: Nimesikia vibaya?

BEDIAKO: Sahani nzima, Serwaa. Wenzake walipokuwa wanacheka, yeye alijipakulia, akakaa kwenye kigoda katikati yao, akala mpaka akafuta mchuzi kwa kidole. Hakusema neno. Nilifurahi. Nilifurahi mimi, nikamwambia mama, umeniheshimisha.

SERWAA: Saa ngapi?

BEDIAKO: Saa tatu. Saa tatu na kidogo.

SERWAA: Saa hizi ni saa tano. Yuko wapi? Unamwona?

BEDIAKO: Yule pale, ameegemea ukuta wa stoo. Alisema kichwa kinamgonga. Nikasema ni jua na moshi.

SERWAA: Ametapika?

BEDIAKO: Kidogo. Mara moja. Mara mbili.

SERWAA: Nenda. Nenda sasa hivi, usikate simu.

BEDIAKO: Nakwenda. (pumzi, ngoma kwa mbali) Mama. Mama, ni mimi. Nitazame. Serwaa, macho anafungua. Anapumua kama mtu aliyepanda mlima, na hajainuka hapa.

SERWAA: Mlaze ubavu. Apelekwe hospitali ya mjini, na uwaambie mlangoni ni muhogo mchungu. Neno hilo hilo, wasipoteze muda na malaria. Gari gani lipo?

BEDIAKO: Mimi nina baiskeli.

SERWAA: Najua una baiskeli. Magari ya wabunge je?

BEDIAKO: Yapo manne. Madereva wake hawawashi mpaka Mheshimiwa aseme. Na Mheshimiwa atauliza kwa nini.

SERWAA: Basi mjibu. Naogopa kama wewe. Lakini kaka, sahani zinapita saa ngapi?

BEDIAKO: Zinapita. Mungu wangu, wameshaanza kuzipitisha. Chifu kafupisha hotuba.

SERWAA: Kipaza sauti.

BEDIAKO: Nakiona. Kiko mkononi mwa mshereheshaji.

SERWAA: Kichukue.

BEDIAKO: Nakuweka mfukoni. Usikate.

SERWAA: Sikati.

BEDIAKO: (mbali, sauti inavuma kwenye spika) Waheshimiwa. Nana chifu, naomba radhi, navunja itifaki. Wekeni sahani chini. Msile muhogo. Aliyeshauweka mdomoni autoe... Hapana, Mheshimiwa, sikulewa. Ni mchungu, ni ule wa kufukuzia ndezi, umeng'olewa kwa makosa. Dada yangu ameupima maabara asubuhi hii. Kosa ni langu, niliambiwa na wanawake jikoni sikusikia. Magunia yote yale, mtu asibebe hata mzizi mmoja. Na mama yangu ameula, yuko pale ukutani. Naomba gari. Nimemaliza kusema. Naomba gari.

SERWAA: (kwa sauti ndogo) Mpeni gari. Mpeni gari, jamani.

BEDIAKO: (kelele nyingi, mlango unafungwa, injini) Serwaa? Upo?

SERWAA: Nipo.

BEDIAKO: Katoa la kwake. Mheshimiwa Lamptey. Hakuuliza swali hata moja, kaweka sahani chini akamwambia dereva washa. Wengine wanapiga kelele nyuma huko, mmoja ananyoosha kidole anasema ndiyo utafiti huu mnaotuombea hela. Mama nimempakata. Kiti cha ngozi, na anatapikia hapo hapo.

SERWAA: Atapike. Mwache atapike. Safari ni dakika ngapi?

BEDIAKO: Arobaini kwa barabara hii. Dereva anasema thelathini.

SERWAA: Weka kiganja kifuani kwake. Kila pumzi ikipanda, hesabu, kwa sauti, nisikie.

BEDIAKO: Kwa nini?

SERWAA: Ili nisikie.

BEDIAKO: Moja. (kimya) Mbili. Tatu. Serwaa, zinakuja kwa kuchelewa.

SERWAA: Usinieleze. Hesabu.

BEDIAKO: Nne. Tano. (mkwaruzo) ...sita... saba. Nane. Mama, usilale. Tisa.

SERWAA: Mwongeleshe huku unahesabu.

BEDIAKO: Kumi. Mama, Serwaa yuko kwenye simu. Kumi na moja. Anaomba usilale. Kumi na mbili. Amenibana mkono, Serwaa. Kumi na tatu. Kumi na nne.

SERWAA: Namsikia. Anakoroma au anasema?

BEDIAKO: Anasema kitu. Kumi na tano. Ngoja niiname. Kumi na sita. Anasema... kumi na saba... anasema alijua.

SERWAA: Alijua nini?

BEDIAKO: Ladha. Anasema alipouonja tu alijua ni wa ukingoni. Kumi na nane. Mama, sasa kwa nini? Kwa nini ukala? Kumi na tisa.

SERWAA: Anasema nini?

BEDIAKO: Anasema angesema, angekuwa anawaambia watu mimi sijui shamba langu mwenyewe... ishirini... siku ya wageni wangu... Wanawake walikuwa wananicheka, Serwaa. Akasema akila yeye, wata— (sauti inakatika) ...watanyama... ishirini na—

SERWAA: Kaka? Kaka, sikusikii.

SERWAA: Haloo? Bediako? Mlinzi, simu yako imefanya nini? Hakuna salio? Una vocha? Nani hapa ana vocha?

SERWAA: Ishirini na moja. Ishirini na mbili. Ishirini na tatu.