Dympna Heraghty, Aliyeniita Niimbe

Padri Malachy, shemeji yangu Fintan, mwanetu Nessa, majirani, na nyinyi mliokosa nafasi mkasimama nje kwenye mvua, mimi ni Colman, mdogo wa marehemu na dereva wake kwa miaka ishirini na sita, nimetumwa na familia kuyasoma haya, na niseme mapema kwamba tangu Jumatatu sihisi kitu, si huzuni wala njaa, kwa hiyo nikisoma kama mtu anayetangaza bei za kondoo mnadani, mnivumilie.

Dympna Mary Heraghty alizaliwa tarehe 3 Februari 1971, nyumbani kwetu Killadoon, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa marehemu Baba Austin, mfugaji wa kondoo, na marehemu Mama Una, ambaye aliimba akikamua, akiosha vyombo na hata akitugombeza. Jikoni kwetu, kama kwenu, aliyemaliza kuimba ndiye aliyemwita wa kumfuata, na aliyeitwa hakatai. Dympna aliitwa mara ya kwanza akiwa na miaka sita, akaimba amesimama juu ya kiti huku Mama amemshika mkono, na alipomaliza aliniita mimi, nikakimbilia nje kwa kondoo, na tangu siku hiyo hakuacha kuniita, wala mimi sikuacha kukimbia.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini hadi mwaka 1983, akaendelea kwa watawa Westport hadi Juni 1989, kisha akajiunga na chuo kikuu Galway, ambako aliacha masomo mwaka wa pili bila kumwambia mtu, na wazazi walipata habari redioni, alipotangazwa kuwa mwimbaji.

Kuhusu kazi, aliuza viatu dukani mchana na kuimba barabarani jioni, hadi mwaka 1996 kampuni moja ya muziki kutoka London ilipomletea mkataba, ikitaka aongeze ngoma na afupishe jina, akawapikia chai, akawakatia keki ya zabibu, akawasindikiza hadi getini na mkataba wao bila saini. Albamu ya kwanza, Mlango wa Nyuma, aliirekodi jikoni mwaka 1998, na ukisikiliza vizuri utasikia mvua na mbwa wetu, na saba zilizofuata alizirekodi mwenyewe, akazipeleka posta mwenyewe, na zilizobaki niliziuza mimi nyuma ya gari, kuanzia Cork hadi Bremen. Nyimbo za kale alizipigia kinanda cha mivukuto, kile kinachohema kama ng'ombe, na gitaa alilisugua kwa upinde wa fidla, jambo lililowakera wengi, na Mzee Peadar Gaughan, yule pale mstari wa mbele, alimwuliza hadharani kama hicho kinanda kimeshaonwa na daktari wa mifugo, lakini hakukosa onyesho lake hata moja hapa Mayo.

Kila onyesho alilimaliza kwa kuniita, "Colman, zamu yako," watu wakageuka kunitafuta, nami nikainama chini ya meza ya kuuzia santuri, wakacheka wakidhani ni sehemu ya mchezo.

Tarehe 14 Juni 2003 alifunga ndoa na Fintan Devaney, seremala, aliyekuja kutengeneza kinanda akasahau kuondoka, na tarehe 9 Machi 2006 wakajaliwa binti, Nessa.

Oktoba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa Galway, akaimba jukwaani kwa mara ya mwisho mwezi Mei mwaka huu, ameketi. Jumamosi iliyopita, kitandani, aliimba ubeti mmoja wa wimbo wa Mama, Fintan amemshika mkono, kisha akanitazama, nami nikaanza kutafuta funguo za gari.

"Keti, si leo," akasema. "Utaimba siku ya mazishi yangu, siku ambayo sitaweza kukucheka."

Nikamwambia siujui wimbo.

"Umeusikia miaka hamsini, mjinga wewe."

Alifariki Jumatatu, tarehe 11 Novemba 2024, asubuhi, nyumbani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Galway, muuguzi wa hapa kijijini aliyekuja hata siku ya dhoruba, majirani mliobeba viti, chai na mikate ya nyama siku zote mbili za mkesha, na wanamuziki wenzake, ambao mmekuja na ala zenu na ambao najua kila mmoja wenu angeweza kufanya vizuri zaidi jambo linalofuata.

Nessa, njoo unishike mkono.

Sijawahi kuimba mbele ya mtu, na sauti itakayotoka siijui, lakini nimeitwa. Nikimaliza, desturi inanipa haki ya kumwita mwingine, na nitamwita yeye aliyeniita, dada yangu, nanyi nawaomba mkae kimya kwa urefu wa wimbo mmoja, mumwachie nafasi yake.

Pumzika kwa amani, Dympna. Baada yangu ni zamu yako.