Zita na Maji Baridi

Wapendwa waombolezaji, anayesimama mbele yenu ni Karekezi, kaka wa marehemu, mtu anayeogopa maji hata ya bafuni, na familia imempa yeye kazi ya kuwaeleza habari za dada yake aliyeyafuata maji jimbo kwa jimbo.

Zita Mukandoli alizaliwa tarehe 9 Agosti 1981, Makamba, nchini Burundi, akakimbilia Tanzania mwaka 1993, akamalizia shule kambini Mtabila, wilayani Kasulu, akihama dawati kila wiki kwa sababu kukaa mahali pamoja kulimwasha. Tarehe 21 Juni 2003 alifunga ndoa na Dionizi, mwanamume mtulivu, wakajaliwa watoto wawili, Florida na Liberati, na Septemba 2008 familia ikafika huku ughaibuni, Louisville, mtaa wa Iroquois, ambako marehemu alifanya kazi ghalani.

Mwaka 2013 mfanyakazi mwenzake alimpeleka bwawani kujifunza kuzamia na mtungi wa hewa mgongoni, na tangu hapo akawa hakaliki. Februari 2014 aliihamishia familia Columbus, kwa kazi ya kuhudumia wazee, na kwa machimbo ya mawe yaliyojaa maji baridi ya kufanyia mazoezi. Huko nywele zake zilikataa kuenea ndani ya kofia ya mpira, akanyoa kichwa chote, na akina mama wa kanisa walipomwona hivyo wakaamini amefiwa na mume, wakaja na masufuria ya wali na vilio hadi mlangoni, wakamkuta Dionizi sebuleni anakula.

"Karibuni," Dionizi aliwaambia, "marehemu bado ana njaa."

Mei 2015 walihamia Buffalo, nyumba ya Black Rock, kwa kuwa kutoka hapo aliweza kuendesha gari hadi pwani ya Maine, ambako chini ya maji yanayouma meno alipiga picha za viti vya pweza vya zambarau vyenye umbo la nyota, konokono wasio na gamba wenye mistari ya manjano, na maua-bahari, wale wanyama wenye mikono laini kama petali, wekundu kuliko kitenge chochote humu ndani. Dionizi, asiyejua kuogelea, alimngoja ufukweni akitazama mapovu, na kila safari alimsihi, "Mama Florida, hii iwe ya mwisho."

Machi 2016 figo zake zilishindwa, madaktari wakamkataza kuzamia, na Dionizi akapata alichokiomba: mke yuko nyumbani, anazunguka meza. Dionizi alivumilia hadi Septemba, ndipo, kati ya zamu mbili za kusafishwa damu, akamfunga blanketi, akamwendesha hadi Maine, akamketisha juu ya jiwe, akachukua kamera, akavua viatu, akaingia majini mpaka kiunoni akitetemeka.

"Inama, baba Florida!" Zita alimfokea. "Unapiga mawingu!"

Picha iliyopatikana ndiyo hii iliyo mbele yenu, ua-bahari jekundu, limeyumba, na kidole cha Dionizi pembeni. Wengi mmeuliza iko wapi sura ya marehemu, na jibu ni kwamba aliagiza mwenyewe iwekwe hii, akisema nyingine zote alipiga yeye, hii ndiyo pekee aliyopigiwa.

Alifariki tarehe 6 Novemba 2016, hospitalini, hapa Buffalo, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Dionizi, ukichezacheza hadi dakika ile.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Black Rock, wafanyakazi wenzake wa miji yote mitatu, na wazamiaji walioendesha siku nzima kuja kumzika.

Dada Zita, pumzika kwa amani, na kama kupumzika kutakushinda, sisi hatutashangaa.