Tekla Kalinga, Fundi Aliyeishusha AC Aliyoifunga Mwenyewe

Wasikilizaji wapendwa, kamwene huko Kihesa, Iringa. Na nyie wa Mbeya, poleni na baridi. Sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Tekla Kalinga, fundi wa viyoyozi. Alifariki Jumatatu iliyopita, baada ya kuugua wiki tatu. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha redio: Tekla Kalinga, mzaliwa wa Kihesa, fundi wa viyoyozi pale Iyunga, Mbeya, hatunaye tena.

Najua kuna mtu anacheka. Kiyoyozi, Mbeya? Mji ambao mwezi wa sita tunalala na masweta mawili? Hata marehemu mama yake alimcheka. Alimwambia, "Tekla, umekosa kazi mpaka uwauzie baridi watu wa baridi?" Lakini Tekla alijua anachokifanya. AC nyingi siku hizi zinapoza, na joto zinatoa pia. Apatimenti zilipoanza kuota Iyunga, wapangaji walitaka joto, na Tekla akapanda ngazi na dreli yake. Mdogo wake, Eveline, ameniambia hivi: "Dada alikuwa mbishi tangu utoto. Ukimwambia kitu hiki kizito, anakibeba ili ukome."

Ubishi huo ulimjengea jina. Ubishi huohuo ulitaka kumponza, na pamoja naye mama wa watu.

Ngoja niwaeleze kidogo. Kuna AC ya kawaida na kuna ya inveta. Ya kawaida, ile mota ya kwenye boksi la nje, kompresa, inawaka kwa nguvu zote. Chumba kikipata joto, inazima. Chumba kikipoa, inawaka tena kwa kishindo. Ya inveta inapunguza mwendo, inaongeza mwendo, haina papara. Ikishinda imewaka, umeme inakula kidogo. Ila bei yake imechangamka. Na ndani ina kadi ya umeme, ubongo wake, ambayo umeme ukicheza inaungua, na kumpata wa kuitengeneza ni shughuli pevu.

Tekla hakuzipenda inveta. Alishaona kadi nyingi zikiungua. "Inveta wapelekeeni watu wa Dar," alikuwa akisema. "Huku mtu anawasha jioni kwa saa mbili tatu, anazima, analala. Ya kawaida inatosha." Na kwa wengi alikuwa sahihi, tusimwonee. Kosa lake ni kwamba baridi aliipima kwa ngozi yake mwenyewe. Mtoto wa Kihesa, aliyekwenda shule peku kwenye umande, alidhani kila mtu ni kama yeye.

Miaka minne iliyopita, mwezi wa sita, akaja Gideon Nyanda, mfanyabiashara wa mpunga. Kwao ni Wasukuma waliohamia Usangu zamani na ng'ombe wao. Na Usangu mnaijua, jua lake halina utani. Mama yake, Bibi Leokadia, alikuwa ametoka hospitali, mapafu yamechoka. Daktari akataka akae Mbeya mjini, karibu na matibabu. Akae kwenye joto, na avute hewa ya mashine ya oksijeni. Gideon akampangia apatimenti Iyunga, ghorofa ya tatu. Akamwomba Tekla afunge inveta.

"Kaka Gideon, nani kakudanganya?" Tekla akamjibu. "Nakufungia ya kawaida. Ikikusumbua niite, nitakuja kuing'oa kwa meno!"

Akaifunga. Kazi safi, huwezi kuitia kasoro. Siku ya nne, saa tisa mchana, Gideon akapiga simu, hata salamu hakutoa. Kompresa ilipowaka, umeme wa nyumba nzima ulishuka, na breka, ile swichi kuu ya kukata umeme, ikaanguka. Mashine ya oksijeni ikazimika. Bibi Leokadia alikuwa peke yake kitandani. Jirani yake, Apolonia, aliisikia mashine ikipiga kelele upande wa pili wa ukuta. Akakimbia, akakuta mlango uko wazi, akainua breka. Wasikilizaji wapendwa, Apolonia angekuwa Mbalizi gulioni siku ile, leo ningekuwa nasimulia mengine kabisa.

Mafundi wenzake wakamwonyesha Tekla pa kutokea. "Sema nyaya za jengo ni nyembamba," wakamwambia. Na zilikuwa nyembamba kweli! Asingekuwa amedanganya. Tekla akakataa katakata. Kesho yake asubuhi akapanda hadi ghorofa ya tatu, akavua viatu, akamwamkia bibi shikamoo, akaketi kando ya kitanda na daftari. Alikaa pale mpaka jioni, tayari kuinua breka ikianguka. Kila kompresa ilipowaka alichora mstari. Ilifika mistari thelathini na mmoja. Na kila mara taa zilififia, na mashine ya bibi ikaguna.

Bibi Leokadia akamwambia, "Mwanangu, hicho kidude chako kikishtuka, na mimi nashtuka." Akavuta pumzi, kisha akaongeza, "Hukuniuliza. Mimi nasikia baridi kutwa nzima."

Jioni ile Tekla alimpigia mdogo wake. Eveline akikumbuka simu hiyo machozi yanamlenga. "Alisema, 'Eveline, nimefunga AC zaidi ya mia, sijawahi kumuuliza mtu ataiwasha saa ngapi kwa siku. Nilikuwa najijibu mwenyewe.' Dada yangu yule, asiyemwomba mtu radhi hata umfanyeje, alikuwa analia."

Basi mbishi akageuza ubishi wake. Siku iliyofuata, kabla ya saa sita, ile AC ilikuwa chini. Akafunga inveta na stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza umeme, ili kuilinda. Akavuta waya mnene wa AC peke yake kutoka kwenye mita. Gideon aliongeza tofauti ya bei tu, kazi ilikuwa bure. Bibi akalala mchana kutwa, taa hazikutikisika.

Mnadhani aliishia hapo? Alirudi Iringa kwa Obeid, fundi wa televisheni aliyekuwa na nusu ya umri wake. Akakalia kigoda miezi miwili, miwani puani, akijifunza kutengeneza kadi zilizoungua. "Nikiwaambia watu wanunue inveta," alimwambia Obeid, "lazima niwe na uwezo wa kuitibu." Kisha akapita nyumba kwa nyumba kwa wateja wake wote. Wengine aliwaambia wabaki na walichonacho. Wengine aliwaambia, nilikosea.

Na akaja hapa studio, kwenye kiti hiki kilicho mbele yangu. Alisema: "Unawasha kwa saa mbili tatu tu jioni, na nyaya zako ni nzima? Chukua ya kawaida. Una mgonjwa, una kichanga, AC inashinda imewaka? Chukua inveta, uweke na stabilaiza. Na fundi asiyekuuliza unaiwasha saa ngapi kwa siku, mfungulie mlango atoke. Hata nikiwa mimi."

Alhamisi tumemzika Kihesa, kwa ibada ya Kilutheri. Bibi Leokadia alikuja kutoka Usangu. Ana miaka sabini na tisa, na siku hizi anatembea bila mashine. Alipopewa nafasi ya kusema, alisimama, akaligeukia jeneza.

"Mgonjwa nilikuwa mimi," alisema. Akakaa.

Eveline, na ukoo wote wa Kalinga, poleni sana. Mungu awashike mkono, na dada yetu ampumzishe kwa amani.

Na wewe unayenisikiliza, jiulize. Kuna mtu uliyempa ushauri kwa kifua mbele, kumbe hali yake hukuiuliza? Inawezekana hata leo anaumia nao. Kukosea si aibu, lakini kunyamaza ukishajua ni dhambi. Mimi ninaye mmoja. Nikizima kipaza sauti hiki, nampigia.